Nadanlodi programu moja ya bure, zinaingia nne: nifanyeje?

Swali limetoka kwa dada mwenye steshenari Morogoro, nalifupisha. Ana laptopu ya Windows anafanyia kazi za wateja, kuchapa, kuprinti, kubadilisha PDF kwenda Word. Alitafuta VLC ya kuchezea video na programu ya bure ya kubadilisha PDF, akadanlodi, akainstoli, na tangu siku hiyo brauza inafunguka kwenye ukurasa wa kutafutia asioujua, kuna kitu kinajiita antivairasi kinamwambia kompyuta ina matatizo mia kadhaa alipie, na bando linaisha haraka kuliko zamani. Anauliza kwa nini inatokea, atazuiaje, na kama ni kweli lazima apige Windows upya kama fundi alivyomwambia.

Dada yangu, pole sana, na nianze na lile linalokutisha: kwa maelezo yako hiyo laptopu haijafa na kupiga Windows sio hatua ya kwanza, nitalirudia mwisho. Kilichokupata ni biashara ya watu kabisa, ina mikataba na malipo, na ukishajua hela inapita wapi utajua pa kuangalia kila ukiinstoli kitu.

Iko hivi. Mtu ana programu yake ya bure, watu wengi wanaidanlodi, yeye hapati kitu. Anakuja mwingine anamwambia weka na ya kwangu ndani ya faili lako la kuinstolia, kila kompyuta itakayoipokea nakulipa. Mwaka 2016 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha New York waliichunguza hii biashara wakakuta malipo ni kuanzia senti 10 za dola mpaka dola 1.50 kwa kila kompyuta inayoingia mtegoni, na mfumo wa Google wa kuonya watu ulikuwa unatoa zaidi ya maonyo milioni 60 kila wiki kwa ajili ya programu za namna hii, karibu mara tatu ya maonyo ya virusi vyenyewe. Sasa anayelipa hiyo dola lazima airudishe, na anairudisha kwako: anabadilisha ukurasa wako wa kutafutia ili kila ukibonyeza tangazo apate chochote, anakuwekea matangazo juu ya tovuti za watu, au anakuonyesha "matatizo" ya kompyuta ili umlipe ayaondoe. Ndo maana bando linaisha, vile vitu vinafanya kazi muda wote hata kama umeacha laptopu mezani unamhudumia mteja.

Na usidhani ni vijikampuni vya uchochoroni tu. Java, programu ya kampuni kubwa ya Oracle, ilikuja miaka kadhaa ikiwa imebeba Ask Toolbar, upau wa kutafutia unaojibandika kwenye brauza, tiki imeshawekwa tayari, wewe kazi yako kubonyeza Next, na mwaka 2013 ikaonekana kile kitu kikishaingia kinakaa kimya kama dakika 10 ndo kinajitokeza, kwahiyo hata ukikimbilia kwenye orodha ya programu kukitoa unakuta hakipo. Adobe Flash, ile ya kuchezea video na game kwenye brauza, nayo ilikuwa inakuja na tiki ya McAfee, kampuni ya antivairasi. Hawa ni wakubwa na kila mtu anawaamini, na walifanya.

Kwahiyo jambo la kwanza na ndo kubwa kuliko yote nitakayokwambia: vita hii unaishinda kabla hujadanlodi. Wengi wanahangaika na antivairasi ipi nzuri wakati faili lenyewe wamelitoa sehemu mbaya. VLC hii unayoitaka haina kitu cha ziada ndani, waliotengeneza, VideoLAN wa Ufaransa, walishaletewa ofa za mamilioni ya euro wabebe matangazo na programu za watu wakakataa. Sasa kama VLC yenyewe ni safi, wewe uchafu umeutoa wapi? Umeutoa kwa mtu wa kati.

Fikiria ulivyotafuta. Umeandika "VLC download" kwenye Google, matokeo yamekuja, la juu kabisa lina neno dogo sana la "Sponsored", yaani tangazo lililolipiwa, na wewe kama wengi unabonyeza la juu kwa sababu ndo la kwanza. Linakupeleka tovuti yenye jina linalofanana, rangi ya chungwa ileile, kile kikoni cha barabarani kilekile, na vitufe vya kijani vitatu vyote vimeandikwa Download, viwili kati yake ni matangazo. Faili linalokuja lina MB 2 tu wakati VLC ya ukweli ni kama MB 40. Hilo dogo sio VLC, ni kitu cha kwenda kuichukua VLC na wenzake. Ukubwa wa faili peke yake hautoshi kukuamulia, maana 7-Zip ya halali, programu ya kubana na kufungua mafaili, ni ndogo, kama MB 1 na nusu, na Chrome yenyewe inaanza na faili dogo, ila kwa programu unayoijua kuwa ni nzito, faili jepesi likushtue.

Andika anwani mwenyewe juu kwenye brauza. VLC ni videolan.org, 7-Zip ni 7-zip.org, LibreOffice ya kuandikia nyaraka ni libreoffice.org, GIMP ya kuhariri picha ni gimp.org, Audacity ya kuhariri sauti ni audacityteam.org. Ziandike kwenye karatasi ubandike ukutani pale dukani, sikutanii, inasaidia kuliko antivairasi ya kulipia. Angalia pia mwisho wa jina, .org sio .com, wanaoiga wanapenda sana kucheza hapo.

Tovuti kubwa zinazokusanya programu za kila mtu nazo zina historia. Download.com mwaka 2011 walianza kufunga programu za watu ndani ya faili lao la kuinstolia lenye vitu vya ziada, na mwenye Nmap, programu ya bure kabisa ya wataalamu wa mitandao, akaja juu hadharani Desemba ya mwaka huo. SourceForge, iliyokuwa nyumbani kwa programu huria, mwaka 2015 ilikutwa inatoa GIMP ya Windows iliyofungwa na matangazo wakati wenye GIMP walishahama hapo tangu 2013, mpaka wamiliki wapya walipoingia 2016 wakaufuta ule mpango. Ninachotaka ukione hapo ni kwamba mwenye programu alikuwa msafi na aliyekudhuru ni aliyesimama katikati, afu lawama anabeba mwenye programu.

Kuna njia inayokuvusha hayo yote, na kwa mtu wa steshenari mwenye haraka ndo naipenda zaidi. Kama una Windows 11, au Windows 10 iliyosasishwa vizuri, kuna kitu kinaitwa winget, cha kuinstolia programu kwa kuandika amri, kimo ndani tayari. Bonyeza Start, andika "powershell", ifungue, halafu andika winget install VideoLAN.VLC ubonyeze Enter, mara ya kwanza itakuuliza unakubali masharti unaandika Y, basi. Inaenda kulichukua faili kwa wenyewe, inalihakiki kama ndilo lenyewe, kwa kawaida inainstoli kimyakimya bila zile skrini za kukuuliza unataka na hiki. 7-Zip ni winget install 7zip.7zip. Kama ile skrini ya maandishi inakupa wasiwasi, kuna tovuti ya Ninite, ninite.com, unaweka tiki programu unazotaka, unapewa faili moja, linaziinstoli zote na linakataa nyongeza kwa niaba yako. Bure kwa matumizi ya nyumbani. Ya dukani wana huduma ya kulipia, kwahiyo kwa laptopu ya kazi winget inakutosha.

Sasa itatokea siku lazima uinstoli kitu kwa mkono. Hapo naomba usiwe na haraka, dakika mbili tu. Skrini ya kwanza inakukaribisha, sawa. Inayofuata mara nyingi inakupa njia mbili: ya juu imeandikwa "Express" au "Quick", pembeni "recommended", herufi zimekoza, kiduara kimeshajazwa. Ya chini ni "Custom" au "Advanced", maandishi ya kijivu kama vile hairuhusiwi kubonyeza. Inaruhusiwa. Bonyeza hiyo ya kijivu, na hapo ndo utaona zile tiki walizokuwekea: fanya huu uwe ukurasa wangu wa mwanzo, niwekee na kile, badilisha injini yangu ya kutafutia. Toa zote. Soma kila tiki kabla ya kuitoa maana wengine ni wajanja wanaandika sentensi ya kukataa, yaani ukitoa tiki ndo umekubali.

Afu kuna skrini moja ndo inawakamata hata watu wanaojua kompyuta. Ina maandishi mengi ya mkataba, chini kuna "Accept" na "Decline", unaona ni yaleyale ya kila siku unabonyeza Accept. Tazama juu, jina lililoandikwa pale sio la programu unayoinstoli, ni la nyingine kabisa. Huo ni mkataba wa mgeni. Bonyeza Decline. Najua watu wanaiogopa hiyo Decline wakidhani itafuta kazi yote, haifuti, inamkataa huyo mmoja na instolesheni inaendelea kama kawaida. Inaweza ikaja ya pili na ya tatu, nazo Decline, au kama kuna "Skip all" bonyeza hiyo umalize. Na ikitokea imegoma kuendelea mpaka umkubali mgeni wake, ifunge ulifute hilo faili, utapata nyingine inayofanya kazi hiyohiyo.

Mfano ulio wazi ni FileZilla, programu nzuri ya kupandisha mafaili kwenye seva, halali kabisa. Kitufe chao kikubwa cha Windows kinaweza kukupa faili lenye ofa za ziada, na wenyewe wanaandika hivyo pale pale kwa herufi ndogo, afu chini yake kuna kiungo cha njia nyingine za kudanlodi, humo ndani lipo lisilo na nyongeza. Hawajaficha, ila nani anasoma? Kwahiyo hata ukiwa tovuti halali, macho yashuke chini ya kile kitufe kikubwa.

Kabla haijaanza kuinstoli, Windows inakuletea dirisha linauliza unaruhusu hii programu ifanye mabadiliko. Watu wanabonyeza Yes bila kuangalia, na pale ndo kuna jina la mchapishaji. Kwa VLC linatakiwa lisome VideoLAN. Ukiona jina la kampuni usiyoijua wakati unainstoli VLC, bonyeza No. Ikiandika "Unknown" na rangi ya njano maana yake haina saini ya kidijitali ya mchapishaji, hilo peke yake sio ushahidi, 7-Zip kwa miaka mingi imekuja bila saini na ni salama, ila hapo lazima uwe na uhakika umelitoa tovuti yao.

Kuhusu hiyo ya PDF, dada yangu, hapa nataka uache kabisa kutafuta, maana "PDF converter free" ni moja ya maneno yenye mitego mingi mtandaoni, pamoja na "driver updater" na "PC cleaner". Kama una Word ya 2013 au ya baadaye, fungua Word, nenda Open, chagua ile PDF, itakwambia inaibadilisha, kubali, inafunguka unaihariri. Mpangilio unaweza kuyumba kidogo kwenye majedwali ila kwa barua na CV za wateja inatosha. LibreOffice nayo inafungua PDF kwenye sehemu yake inayoitwa Draw. Na kwenda PDF huhitaji programu yoyote, ukiprinti chagua printa inayoitwa Microsoft Print to PDF, imo ndani ya Windows 10 na 11. Draiva za printa zako, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuongea na printa, vilevile, chukua tovuti ya HP, Canon au Epson wenyewe, au chomeka printa kwenye laptopu wakati intaneti ipo uiachie Windows itafute. Usiguse tovuti inayosema itakutafutia draiva zote, hizo nyingi ndo zinabeba hao wageni.

Kuna setingi moja ya Windows nataka uihakikishe leo. Fungua Windows Security, nenda App & browser control, halafu Reputation-based protection settings, tafuta "Potentially unwanted app blocking", washa, na tiki zote mbili za chini yake, ya apps na ya downloads. Hii ni ya Microsoft, bure, ipo tangu toleo la Mei 2020 la Windows 10, na kwenye kompyuta nyingine unaweza kuikuta imezimwa. Inakamata hasa hizi ambazo sio virusi kisheria ila hakuna aliyeziomba. Ukiwa nayo huhitaji antivairasi ya pili ya bure, ambazo nazo baadhi zinakuja na brauza zao na matangazo ya kukusumbua ulipie.

Kwa sababu ni ya dukani na wasaidizi wanaigusa, tengeneza akaunti mbili. Yako iwe ya administrator yenye neno la siri lako, ya wasaidizi iwe ya kawaida, standard. Kijana akitaka kuinstoli kitu kikubwa itamuuliza neno lako la siri na itabidi akuite. Zipo programu chache zinazopenya bila kuuliza kwa kujiweka kwenye folda ya mtumiaji mwenyewe, ila nyingi zitagota hapo. Na flash za wateja, mwambie kijana afungue nyaraka tu, faili linaloishia na .exe asiliguse hata mteja akisema ni game.

Na kreki, yaani kile cha kuvunja leseni ya programu ya kulipia uitumie bure. Nalisema hili nikijua hali zetu, Office ya kulipia ni hela nyingi kwa steshenari ndogo. Lakini ona kreki inavyoanza: zima kwanza antivairasi. Ukishaizima, kila nilichokwambia hapo juu hakipo tena, umemfungulia asiyejulikana kompyuta yenye vyeti na vitambulisho vya wateja wako. LibreOffice ni bure, inasoma na kuandika mafaili ya Word. Kwa kazi nyingi za kawaida mteja hatajua tofauti.

Sasa kusafisha iliyopo. Fungua Settings, Apps, Installed apps (kwenye Windows 10 ni Apps & features), panga kwa tarehe, angalia vyote vilivyoingia siku ile uliyoinstoli hizo mbili, toa usivyovijua, na hiyo antivairasi inayodai hela usiilipe hata shilingi. Wakati wa kuitoa itakuuliza kwa huruma kama una uhakika, itakupa punguzo, soma vizuri vitufe uendelee kuitoa. Baada ya hapo danlodi AdwCleaner kutoka tovuti ya Malwarebytes, ni bure na haihitaji kuinstoliwa, iache ikague, ifute ilichokiona, iwashe upya kompyuta.

Brauza inaachwa nyuma mara nyingi. Andika chrome://extensions pale juu, toa usizozikumbuka. Nenda kwenye setingi za injini ya kutafutia urudishe unayoitaka. Kama bado ule ukurasa unafunguka, bonyeza kulia ikoni ya Chrome ya kwenye desktopu, Properties, angalia sehemu ya Target: inatakiwa iishie na chrome.exe na alama ya kufunga nukuu, ukikuta baada yake kuna anwani ya tovuti, ifute, ndo ilikuwa inakurudisha kule. Na yale matangazo ya pembeni chini kulia yanayosema una virusi, mara nyingi sio programu hata, ni tovuti uliyoiruhusu ikutumie taarifa, ingia Site settings, Notifications, ondoa usizozijua. Kuhusu bando, Settings, Network & internet, Data usage (kwenye Windows 11 imo ndani ya Advanced network settings), itakuonyesha kila programu imekula MB ngapi, hapo hakuna kubahatisha.

Kupiga Windows basi. Kama baada ya hayo yote vitu vinarudi vyenyewe, au Windows Security inagoma kuwaka, au uliwahi kuweka kreki na kompyuta inafanya mambo usiyoyaelewa, hapo ndiyo, piga, ila hifadhi nyaraka kwanza na usikubali Windows ya kwenye flash ya fundi ambayo hujui kaitoa wapi, maana ziko Windows zilizochezewa zinakuja na mizigo yao. Mwambie atumie Media Creation Tool ya Microsoft mbele yako, inataka flash ya GB 8 na bando la kutosha kama GB 5 au 6, ni bure, na kama Windows yako ilikuwa halali kwenye mashine hiyohiyo itajitambua yenyewe ukiingia mtandaoni. Akikataa, tafuta fundi mwingine.